Kompyuta ya Hazina na Kompyuta za Kisarawe

Mwaka 1965 yalitokea mambo mawili katika ukanda wetu huu wa Pwani ambayo wakati ule hakuna aliyeyaweka pamoja. Kibaha, kando ya barabara iendayo Morogoro, shule ya sekondari iliyojengwa chini ya mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki ilipokea wanafunzi wake wa kwanza. Na Dar es Salaam, mwendo wa kilometa kama 40 kutoka hapo, Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza nchini. Habari ya shule inajulikana na kila mtu, maana waliosoma pale hawaachi kutukumbusha. Habari ya kompyuta inajulikana na wachache, na wengi wa hao wachache huisimulia kwa kicheko. Mimi sioni cha kuchekesha.

Mashine yenyewe iliitwa ICT 1500. Herufi tatu za mwanzo ni za kampuni ya Uingereza, International Computers and Tabulators, lakini Waingereza hao hawakuibuni wao. Ilikuwa mashine ya kampuni ya RCA ya Marekani, ambayo kwao iliitwa RCA 301. ICT wakaipa jina lao na kuiuza. Msomaji asifikirie kitu cha kuweka mezani. Yalikuwa makabati ya chuma ya kujaza chumba, yakilishwa kadi zilizotobolewa matundu. Kumbukumbu ya mashine za aina hiyo, hata ile iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilibeba herufi 40,000 tu, kiasi cha kijitabu cha kurasa 25 hivi. Katika kijitabu hicho ndimo zilimotarajiwa kupita hesabu za Serikali changa: vocha, vifungu vya bajeti, malipo ya kila wizara kutoka Bukoba hadi Mtwara.

Serikali ikakua. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mabenki na makampuni makubwa ya biashara yaliingia mikononi mwa umma, na karatasi zikaongezeka kama maji ya masika. Wizara ikaiacha ile 1500 na kuhamia kwenye mashine yenye nguvu zaidi, ya mfululizo wa 1900, kutoka kwa kampuni ile ile ambayo mwaka 1968 iliungana na wenzake na kuitwa ICL. Kwa lugha ya mafundi wa leo, Hazina ilibadilisha kifaa ili kupata kikubwa zaidi. Na mambo yakagoma.

Hapa yafaa tukae kidogo, kwa sababu wasimuliaji wengi huruka moja kwa moja kutoka kwenye kununua mpaka kwenye kushindwa, kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Mashine mbili hizo, ingawa zilitoka katika duka moja, hazikuwa ndugu. Ile ya kwanza ilitoka kwa Mmarekani, nayo ilihesabu herufi moja moja, kila moja na anwani yake. Ile ya pili chimbuko lake lilikuwa Kanada, nayo ilifunga herufi nne nne katika neno moja la biti 24. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya ndani ya mashine ya kwanza haikuwa na maana yoyote kwa mashine ya pili. Ni kama kumpa mhasibu wa Kizaramo leja iliyoandikwa Kigujarati: tarakimu zipo, kalamu ipo, mhasibu ni hodari, lakini kitabu hakisomeki. Kazi ya miaka ilibidi iandikwe upya, huku mwaka wa fedha ukiendelea na wakaguzi wakisubiri.

Na nani angeiandika? Watanzania wenye ujuzi huo walikuwa wachache mno. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 nchi ilikuwa na wahandisi na madaktari wa kuhesabika, sembuse waandishi wa programu. Wengi wa walioijua mashine kwa ndani walikuwa wageni, na mgeni ana tarehe ya kuondoka. Hesabu za Serikali zikavurugika, fedha nyingi zikapotea, na mwisho Wizara ikarudi kwenye mashine za zamani za uhasibu, zile za kubonyeza funguo. Kisha mwaka 1974, kwa Tangazo la Serikali, uagizaji wa kompyuta na vifaa vyake kutoka nje ukapigwa marufuku. Wakati huo nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba.

Mimi mwaka huo nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu, nafundisha shule ya msingi katika Wilaya ya Kisarawe. Marufuku ile hatukuisikia. Nani angeisikia? Tulikuwa na habari zetu: ukame, foleni ya unga, watu wanahamishiwa vijijini, na Novemba ya mwaka huo huo likaja Azimio la Musoma lililotutaka tumwandikishe kila mtoto. Hesabu za shule tulizifanya kwa mkono, nakala tatu, karatasi ya kaboni katikati, na ole wako ukisahau kugeuza kaboni.

Kwa hiyo sitasema nilikuwapo. Nilisoma habari hii miaka mingi baadaye, nikiwa mkuu wa shule ya sekondari, na kwa muda mrefu niliiamini kama inavyosimuliwa, kwamba viongozi wa wakati ule waliogopa mashine. Kilichonibadilisha mawazo ni wiki mbili za mwaka 2006.

Wenye kumbukumbu watakumbuka kuwa 2006 ulikuwa mwaka wa mgawo wa umeme. Mvua zilikuwa zimegoma, maji ya Bwawa la Mtera yamepungua, na nchi iliyotegemea mabwawa ikawa inapewa umeme kwa zamu. Shule niliyoiongoza, kule Kisarawe, ilikuwa na kompyuta nane zilizokwisha kutumika Ulaya, tulizoletewa na shule rafiki. Zilikuwa za enzi ya Pentium ya tatu, kila moja na kumbukumbu ya megabaiti 64, nazo zilitutosha. Karani wetu, mama mmoja mwenye vidole vyepesi kuliko vya mpiga kinanda, alikuwa ameingiza katika mojawapo alama zote za maendeleo za kidato cha nne. Alama hizo zilitakiwa na Baraza la Mitihani kabla ya mtihani wa taifa, maana zilihesabiwa katika matokeo. Wanafunzi walikuwa 84.

Bodi ya shule ikapata msaada mdogo, na mfadhili akataka uende kwenye kompyuta, hasa kwa kuziwekea programu mpya ya kuendeshea, Windows XP, iliyohitaji kumbukumbu kubwa zaidi. Vipande vya kumbukumbu vya megabaiti 256 vikanunuliwa Kariakoo. Aliyeviuza akatuma mtu wa kuvifunga, akafungua mashine zote nane kwa mchana mmoja, akatoa vya zamani, akachomeka vipya, akawasha. Feni zilizunguka. Taa ya kijani ikawaka. Vioo vikabaki vyeusi, na kutoka ndani ya visanduku ikatoka milio mirefu ya kurudiarudia, nane kwa pamoja, kama jogoo waliokosa saa. Umeme ukakatika kwa zamu yetu, na yule bwana akaaga akisema atarudi kesho. Kesho yake hatukumwona, wala keshokutwa.

Mwalimu mmoja akanishauri tumwite kijana wa Kibaha, aliyekuwa na kibanda cha ufundi karibu na Maili Moja. Alikuja kwa kuzunguka Dar es Salaam, basi hadi Ubungo, jingine hadi Gongo la Mboto, kisha kupanda milima ya Pugu. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Pole na safari.”

“Nimeshapoa. Vile vya zamani mmevitupa?”

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, hata maji alikuwa hajanywa. Karani akavitoa kwenye bahasha ya kaki ndani ya kabati la stakabadhi, alikoviweka bila kuagizwa na mtu. Kijana akavishika kwa kingo kama mtu anavyoshika picha, akaguswa na furaha ya wazi wazi.

Nilimtazama alivyofanya kazi, na nieleze kwa kirefu, maana sijaona somo la sayansi lililofundishwa vizuri zaidi. Aliichukua mashine moja tu, siyo ile yenye alama. Akachomoa waya wa umeme, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliosalia ndani utoke, akagusa chuma cha kisanduku kwa kiganja kwa sababu mwili wa binadamu hubeba umeme unaoweza kuua vifaa hivyo bila mtu kuuhisi. Akatoa kila kilichoongezwa. Akarudisha cha zamani. Akawasha: mlio mmoja mfupi, na maandishi kwenye kioo. “Mashine nzima,” akasema. “Mgeni ndiye mwenye maneno.”

Akamrudisha mgeni peke yake. Milio mirefu. Akamhamishia kwenye tundu la pili. Milio. Akamchukua mgeni mwingine, maana huenda wa kwanza alikuwa mbovu. Milio. Hapo akaketi, akavigeuza vipande viwili juani dirishani, akahesabu. Kipande cha zamani kilikuwa na chipu ndogo ndogo pande zote mbili. Kile kipya kilikuwa na chipu nane tu, upande mmoja. Akanieleza kuwa kiasi kile kile cha kumbukumbu kinaweza kufungwa katika chipu nyingi ndogo au chipu chache zilizoshiba, na kwamba ubao wa mashine zetu, ambao mafundi huuita madabodi, ulitengenezwa kabla ya hizo zilizoshiba kuenea. Haukuwa na njia ya kuzihesabu. Kipande kilikuwa kizima. Mashine ilikuwa nzima. Vilikuwa haviongei lugha moja.

Nikamwambia, basi hii ni habari ya Hazina. Hakujua nazungumzia nini, nami nikamsimulia wakati tukingoja umeme urudi, tumekaa barazani, mama wa jikoni ametuletea mihogo na chai ya rangi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo katika usomaji wangu wote sikuwahi kujiuliza: “Ile ya kwanza walipoitoa, waliiweka wapi?”

Naam. Waliiweka wapi? Fundi hapandishi daraja mashine inayofanya kazi kabla ya kuhakikisha kuwa anaweza kurudi alikotoka. Watu wa benki wanalijua hili, huendesha vitabu viwili sambamba kwa miezi, cha zamani na kipya, mpaka jumla zilingane. Hilo lina gharama, na Wizara isiyo na watu wa kutosha kuendesha mashine moja ingewapata wapi wa kuendesha mbili? Nilipolitazama hivyo, uamuzi wa kurudi kwenye mashine za kubonyeza niliuona wa heshima. Wahasibu wa wakati ule walitoa kilichoongezwa, wakarudisha kilichojulikana, na Serikali ikaendelea kulipa watu wake, mimi nikiwa mmojawapo. Wanaowacheka hawajawahi kuweka sahihi kwenye vocha.

Marufuku ya 1974 ni jambo lingine. Najua mazingira yake: bei ya mafuta ilikuwa imepanda mwaka uliotangulia, fedha za kigeni zilikuwa haba, na chakula kilinunuliwa nje. Kusitisha kwa mwaka mmoja au miwili ningekuelewa. Lakini kuirudisha mashine katika hali ya kuwaka ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuhesabu chipu. Kamati iliwekwa ya kupima maombi ya ruhusa, na katika miaka ya 1980 mlango ulifunguka kidogo kidogo, hasa kwa miradi ya wafadhili iliyoingia na kompyuta zake na mara nyingi wataalamu wake pia, mpaka katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 katazo likaondoka. Yaani kasoro ya kwanza, uchache wa wenyeji wanaoijua mashine, ndiyo iliyolindwa kwa karibu miaka 20. Kizazi kizima cha walimu niliosoma nao chuo kilistaafu bila kugusa kibodi, na sisi ndio tuliotakiwa kuwafundisha waliokuja.

Kibaha ilikuwa na njia tofauti, na haikuwa mbali. Mradi wa Nordiki ulianza kwa mkataba wa mwaka 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Denmark, Norway, Sweden na Finland: shule, kituo cha afya pale Tumbi, kituo cha kufundishia wakulima. Wageni walijaa. Lakini tangu mwanzo ilikuwa wazi kwamba wataondoka, na mwaka 1970 kituo kilikabidhiwa Serikali, ndicho tunachokiita Shirika la Elimu Kibaha. Shule haikufungwa siku moja. Sisemi kuendesha shule ni sawa na kuendesha kompyuta. Nasema tarehe ya mgeni kuondoka ilipojulikana, mtu alikaa akapanga nani atashika funguo.

Turudi Kisarawe, maana umeme ulirudi saa tatu usiku. Kijana alipitia mashine moja baada ya nyingine akirudisha vipande vya zamani. Saba ziliwaka. Ya nane, na msomaji ameshaotea ni ipi, iliendelea kulia.

Karani alisimama nyuma yake akiwa ameshika kanga yake kifuani. Alama za masomo mengine zilikuwamo pia katika madaftari ya walimu, lakini mwalimu wa Fizikia alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine na daftari lake lilikuwa limekwenda naye. Tulishamwandikia, jibu halijaja. Kijana akaomba kifutio cha penseli. Akasugua taratibu meno ya shaba ya kile kipande, pande zote mbili, akapuliza vumbi, akakichomeka tena mpaka vishikizo viwili vikalia tik, tik. Akawasha. Mlio mmoja mfupi. Tukashangilia mapema, kwa sababu kioo kiliandika kwamba diski ya mfumo haionekani.

Hakutetereka. Alisema mkono ukiingia ndani ya kisanduku hugusa mengi kuliko uliyokusudia. Akafuata kwa kidole waya mpana wa kijivu unaotoka kwenye diski mpaka ubaoni, akakuta ncha moja imeinuka upande, kiasi cha unene wa ukucha. Akaisukuma. Saa nne na robo usiku alama za wanafunzi 84 zilikuwa kwenye kioo, na kabla hajafanya jambo lingine lolote alizichapa zote kwenye karatasi, maana mgawo ulikuwa unarudi saa sita.

Alilala kwangu. Asubuhi alikwenda na vile vipande vipya vinane Kariakoo, na kwa kuwa risiti ilikuwapo, mwenye duka alivipokea na kutoa vya aina ya zamani, vyenye chipu 16, vya megabaiti 128. Vilikubali. Mfadhili alipata Windows XP yake, ingawa kwa maoni yangu wanafunzi hawakuona tofauti zaidi ya ile picha ya kilima cha kijani.

Barua ya mwalimu wa Fizikia ilifika siku mbili kabla ya fomu kwenda, ikiwa pamoja na daftari lenyewe, limefungwa kwa kamba ya katani. Karani na mimi tulikaa mchana kutwa tukilinganisha karatasi iliyochapwa na daftari, jina kwa jina, yeye akisoma, mimi nikitia alama kwa kalamu nyekundu. Majina 83 yalilingana. La binti mmoja kutoka Maneromango halikulingana: kompyuta ilisema 67, daftari lilisema 76. Tukamtuma mdogo wake, aliyekuwa kidato cha kwanza, aende nyumbani akaulize kama karatasi ya jaribio lile ipo. Mama yao alikuwa ameihifadhi katika Kurani ya marehemu mumewe. Ilikuwa 76, kwa wino wa mwalimu mwenyewe, imezungushiwa duara. Tukasahihisha fomu kwa mkono, karani akaweka sahihi yake, nami nikaweka yangu chini yake.